Mlango wa Kunyamaza

Bwana Shamba hakuwahi kuacha swali lipite. Ungeweza kumkuta juu ya baiskeli, mvua inamnyeshea, ukamuuliza kwa nini majani ya pamba yako yanajikunja, naye angeshuka, angeiegemeza baiskeli kwenye ua wa minyaa na kukueleza mpaka wewe uliyeuliza utafute njia ya kuondoka. Mama alikuwa akituonya, "Mkikutana na Bwana Shamba msimuulize kitu. Kuni zinasubiriwa hapa." Nilimjua miaka yote ya utoto wangu, nikamchukia miaka yote iliyofuata, lakini siwezi kusema alikuwa mchoyo wa maelezo. Tena hicho ndicho kitu kilichomponza, na aliyekitumia ni mimi.

Wengi Bariadi wanamkumbuka vizuri. Wanasema alikuwa mtu wa watu. Wanasema alitufundisha kupanda kwa mstari na kung'oa maotea ya pamba na kuyachoma. Ni kweli. Mimi naandika upande mwingine, kwa sababu waliokuwa upande huo ni baba yangu, ambaye haongei tena mbele za watu, na ng'ombe wetu, ambao hawakuwahi kuongea.

Alivaa kofia ya pama iliyolegea ukingo na shati la kaki lenye mifuko mikubwa. Ndani ya mifuko hiyo alibeba viberiti, na ndani ya viberiti mlikuwa na wadudu hai. Sisi watoto tulimkimbilia tukimwambia, "Shikamoo Bwana Shamba, leo umebeba nani?" Alikuwa akituwekea kiberiti sikioni tusikie miguu ikikwaruza. "Huyo ni adui," anasema. "Msikilize vizuri. Adui usiyemjua sauti atakula shamba lako mchana." Wengine walicheka. Mimi nilisikiliza. Nilikuwa mtoto wa kunyamaza, na mtoto wa kunyamaza husikia vitu vingi.

Somo lake kubwa alilitoa kwenye godauni la chama cha msingi, msimu wa kuuza pamba, wakati ushirika ulikuwa bado mzima. Watu walikaa juu ya magunia wakisubiri mizani. Bwana Shamba alitoa kangambili, yule mdudu mwekundu anayechafua pamba, akamweka juu ya meza akamfunika kwa glasi. Alikuwa amemgusisha dawa kwa ncha ya njiti. Kwanza kangambili alitembea kama kawaida. Kisha akaanza kutikisika. Kisha akaanguka chali, miguu yote inapiga hewa, inapiga, haiachi.

"Mnaona?" alisema. "Nani anayempiga?"

Mzee mmoja mwenye koti kuukuu la jeshi, mkubwa wa banamhala, wazee wa kijiji chetu, alikuwa ameketi karibu na meza akinusa ugoro. Alisema, "Mapepo."

Watu wakacheka, na Bwana Shamba akacheka kuliko wote. Alipenda kucheka kabla ya kufundisha.

"Si mapepo, mzee wangu. Mwili wa mdudu una mishipa ya fahamu. Mishipa hiyo inapelekeana habari, kama nyumba na nyumba. Sasa kila nyumba ina milango. Kuna mlango mmoja, habari ikiingia hapo, mshipa unaambiwa: haya, fanya kazi! Mguu unakunjuka, bawa linapiga. Kuna mlango mwingine, habari ikiingia hapo, mshipa unaambiwa: basi, nyamaza. Mguu unatulia. Kutembea kwako, mzee, ni hiyo: haya, basi, haya, basi. Chuoni milango hiyo tuliiita vipokezi."

"Na dawa?"

"Dawa hii inakwenda kukaa kwenye mlango wa kunyamaza. Inauziba. Habari ya 'basi' inafika, inabisha, mlango haufunguki. Inabaki 'haya' peke yake. Haya, haya, haya, haya. Mdudu hafi kwa kuchoka, jamani. Anakufa kwa sababu hakuna kitu ndani yake kinachoweza kumwambia atulie."

Mzee aliangalia mkebe wake wa ugoro. "Na huu?"

"Huo nao una mlango wake," alisema Bwana Shamba. "Huo unakwenda kukaa kwenye mlango wa 'haya'. Mdudu ukimpulizia maji ya tumbaku anakufa. Wewe unapiga chafya na kufurahi kwa sababu wewe ni mkubwa na umechukua kidogo."

Watu walimpigia makofi. Mzee wa koti la jeshi alifunga mkebe wake taratibu, na nakumbuka hakunusa tena mpaka zamu yake ya mizani. Mimi nilibaki mezani nikimwangalia kangambili. Niliwaza kwamba mlango wangu wa kunyamaza ulikuwa mpana mno, na ule wa "haya" ulikuwa na kutu. Nilirudi nyumbani nikimpenda Bwana Shamba, nikitamani niwe yeye. Hilo nalisema ili kieleweke nilichonyang'anywa.

Alikuwa na mambo yasiyolingana. Nyumbani kwake hakukuwa na tone la dawa. Mke wake aliua mende kwa kandambili. Inzi akitumbukia kwenye maziwa yake alimtoa kwa kidole, akamweka juani akauke, aende. Alitukataza kuchanganya dawa kwa mikono mitupu, akatufundisha kufunga mifuko ya plastiki viganjani, lakini yeye mwenyewe alikoroga kwa mkono mpaka kwenye kiwiko na kunusa kila chupa iliyofunguliwa. "Pua yangu ndiyo maabara," alisema. Alitukataza kuchotea maji makopo ya dawa. Na hakumpiga mtoto, hata wale walioiba viberiti vyake.

Jambo la kuchekesha zaidi ni kwamba aliogopa ng'ombe. Mtu mzima, mwajiriwa wa serikali, katika nchi yetu ambako mtoto wa miaka mitano anaongoza kundi kwa fimbo! Akikuta ng'ombe njiani alishuka kwenye baiskeli na kuzunguka kwenye miiba. Baba alikuwa akimtania, "Bwana Shamba, hao wanakula majani, hawali makaratasi ya serikali."

"Mimi nilisomea mimea," alijibu. "Ng'ombe ni wa Bwana Mifugo."

Sikumbuki kama baba alicheka siku hiyo. Lakini maneno hayo nimeyashika. Alijua kabisa kazi yake inaishia wapi.

Kisha likaja soko huria. Kwetu halikuja kama habari ya redioni; lilikuja kwa vitu kufungwa na vingine kufunguliwa. Godauni la chama likafungwa. Wanunuzi wa pamba wakafungua vituo kila njia panda, kila mmoja na mizani yake, na kila mizani na maneno yake. Serikali ikaacha kuleta dawa ya josho, na josho letu likakauka likabaki shimo la saruji ambamo mbuzi walikwenda kukimbia jua. Bwana Mifugo akahamishwa. Bwana Shamba akapunguzwa kazini. Alifungua duka la pembejeo mjini Bariadi, mkabala na kituo cha mabasi, lakini watu waliendelea kumwita Bwana Shamba, na yeye aliendelea kuitika. Shati la kaki hakulivua. Watu waliendelea kumwamini kwa sababu ya lile shati, na yeye aliwaachia waamini.

Mwaka ambao mimi nilimaliza darasa la saba, mvua ilikuwa mbaya na pamba haikuota vizuri. Watu hawakununua dawa. Bwana Shamba akaanza kuzunguka vijijini na chupa zilizobaki, amezifunga kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli. Alipofika kwetu, baba alikuwa zizini akitoa kupe kwa mkono. Josho lilikuwa limekufa, na kupe walikuwa wamejaa masikioni mwa ng'ombe kama mbegu.

"Mwadila," alisalimu kutoka nje ya zizi. Hakuingia.

"Mwadila, Bwana Shamba. Hawa kupe watanimaliza. Una dawa ya kuogesha?"

Nilikuwa nimeshika ndama. Nilimwona akiangalia chupa zake, kisha akaangalia ng'ombe, kisha akaangalia chupa tena.

"Ya josho sina," alisema. "Lakini hii ya pamba itakufaa. Mdudu ni mdudu. Kupe naye ni mdudu tu."

"Ng'ombe haitawadhuru?"

Hapo ndipo Bwana Shamba, mtu wa kushuka kwenye baiskeli mvuani, alipojibu kwa neno moja. Alisema, "Haidhuru." Akafungua kamba ya baiskeli.

Sijawahi kumsikia akitoa jibu fupi namna hiyo. Nilipaswa kushangaa, na kweli nilishangaa, lakini nilikuwa mtoto, na yeye ndiye aliyejua milango yote.

Baba aliwapulizia asubuhi, kwa bomba la kupigia pamba dawa, zizini, wote isipokuwa fahali mweupe ambaye mjomba alikuwa amemwazima kulimia. Kupe walianza kudondoka. Baba alifurahi, akamwita mama aje aone. Jua lilipopanda, ndama akaanza kupepesa macho bila kuacha. Masikio yakatikisika. Mama yake akarudi nyumanyuma kama anayekokotwa na kamba, akaanguka, na miguu yake ikaanza kupiga. Kisha mwingine. Kisha mwingine. Zizi zima lilikuwa linapiga miguu. Vumbi likapanda tukawa hatuonani. Baba alikuwa akikimbia kutoka kwa huyu kwenda kwa yule akiwashika vichwa, akiwaita kwa rangi zao. Mama alikuwa anawamwagia maji.

Mimi nilisimama. Nilikuwa nimeshawahi kukiona kitu hicho chini ya glasi. Haya, haya, haya, haya.

Wote walikufa kabla ya ng'ombe wa majirani kurudi kutoka malishoni. Nilikuwa nimechaguliwa kwenda sekondari, na mmoja wa wale waliolala pale ndiye aliyekuwa auzwe kwa ada yangu. Sikwenda. Lakini hata hilo silo ninalomdai.

Ninalomdai ni hili. Baba alimpeleka mbele ya banamhala. Hakutaka kulipwa ng'ombe. Alijua mwenye duka hana zizi. Alitaka Bwana Shamba aseme mbele ya watu, "Nilikuambia mimi, na nilikosea." Ili watu wasiseme kwamba yeye, aliyezaliwa zizini, ameua ng'ombe wake kwa ujinga. Kwetu mtu akiambiwa hivyo, hata mtoto wake hapewi kundi la mtu kuchunga.

Bwana Shamba alikuja amevaa shati la kaki lililopigwa pasi. Aliwasalimu wazee mmoja mmoja. Kisha akafundisha.

"Wazee wangu, dawa hii imetengenezwa kwa ajili ya mdudu. Inatafuta mshipa wa mdudu. Ng'ombe hana mshipa wa namna hiyo, wala mlango huo hana. Hawa wamekufa kwa ndigana, ugonjwa wa kupe, kwa sababu mwenyewe alichelewa kuogesha. Nampa pole ndugu yangu."

Baba alisema, "Na fahali wangu mweupe? Alikuwa kwa shemeji yangu analima. Hakuogeshwa. Yuko hai."

"Huko kwa shemeji yako kupe ni wachache."

Watu wakanong'ona kwamba kweli, huko kwa mjomba ni kukavu. Baba akanishika bega akanisimamisha. "Huyu alikuwepo. Sema ulichosikia."

Nilisema. Mzee wa koti la jeshi, aliyekuwa anaongoza mkutano, akaweka mkono sikioni. "Ongea, mtoto. Hatusikii."

Nikasema tena, kwa nguvu zote nilizokuwa nazo. "Alisema kupe ni mdudu tu. Alisema haidhuru."

Bwana Shamba akatabasamu. "Mtoto huyu ana akili. Nilisema hivyo, na ni kweli. Kupe hawakufa?"

Wakacheka. Mkutano mzima, wazee na vijana, wakacheka mpaka kofia zikaanguka. Nilibaki nimesimama katikati ya kicheko hicho, na nafikiri sehemu yangu fulani bado imesimama pale.

Wazee wakaamua kwamba baba amemchafulia mtu jina, mtu aliyesoma, aliyetufundisha sote. Kwa desturi yetu anayemsingizia mwenzake hutoa ng'ombe, wazee wanachinja na kula ili maneno yaishe. Baba alikuwa na ng'ombe mmoja tu duniani. Wakaenda kumchukua kwa mjomba, wamemtoa kwenye nira, shingo bado ina alama, wakamchinja. Yule fahali mweupe ndiye aliyekuwa ushahidi wetu. Walimla.

Bwana Shamba alipewa kipande cha kifua. Alikifunga kwenye majani, akakiweka kwenye baiskeli pale palipokaa chupa, akaenda nacho mjini.

Baada ya hapo baba alikwenda Bukundi kwa ndugu wa mama akapewa jike la kutunza, na tukaanza upya. Lakini baba hakusimama tena kwenye mkutano wowote. Akiulizwa jambo hujibu, "Waulizeni wanaojua." Mimi nilikua nikichunga jike la watu na kulima pamba yetu. Nilipokuwa nikipiga dawa shambani, bomba mgongoni, nilikuwa nikifikiria duka lile mkabala na kituo cha mabasi. Niliwaza moto. Niliwaza kumwaga chupa zake zote kwenye mtaro. Niliwaza kumfungia zizini na ng'ombe wenye pembe, nimsikie anavyolia. Nilifurahia mawazo hayo kwa miaka. Lakini kila nilipomaliza kuyawaza niliona kwamba angepona yote, na watu wangempa pole, na angewaeleza jinsi moto unavyowaka.

Ndipo nikakumbuka kitu ambacho kila mtu kwetu alikijua, kwamba huyu mtu hawezi kuacha swali lipite.

Nilichagua siku ya mnada, ambayo watu wa kijiji chetu huenda Bariadi. Nilikaa kwenye kivuli cha basi bovu mpaka nilipoona koti la jeshi linaingia dukani, na wengine wa kwetu nyuma yake, maana ulikuwa wakati wa dawa. Nikavuta kofia mpaka kwenye nyusi, nikaingia.

Bwana Shamba alikuwa amezeeka. Shati la kaki lilikuwa limepauka likawa rangi ya vumbi. Mikono yake ilitetemeka kidogo alipopanga chupa, mikono ile ya kukorogea. Kwa nukta moja nilimhurumia, nikaikanyaga huruma hiyo kama kupe.

"Shikamoo, Bwana Shamba."

"Marahaba, kijana. Karibu. Unatoka wapi?"

"Bukundi."

"Aa, huko kwa wafugaji! Nikusaidie nini?"

"Nina kupe wengi. Nimeambiwa hii ya pamba inafaa kuogeshea ng'ombe." Nikanyoosha kidole kwenye chupa yenyewe. Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini safari hii duka lilikuwa dogo pia. "Nauliza tu, kwa sababu sijasoma. Ng'ombe anayo milango kama ya mdudu?"

Niliona uso wake ukiwaka. Hakuna aliyekuwa amemuuliza swali kama hilo kwa miaka. Siku hizi watu huuliza bei tu.

"Kijana, nani amekuambia uogeshee hii? Usithubutu! Njoo hapa. Njooni wote muone." Akatoa kiberiti mfukoni, bado alikuwa anavibeba, akatoa kangambili, akamgusisha njiti, akamfunika kwa glasi juu ya kaunta. Watu wakasogea. Mzee wa koti la jeshi naye akasogea. "Mnaona anavyopiga miguu? Dawa imeziba mlango wa kunyamaza. Sasa wewe unauliza ng'ombe. Swali zuri sana! Mlango huu mdudu anao, ng'ombe anao, mimi ninao, wewe unao. Ni ule ule. Ukimpulizia ng'ombe dawa hii, atapepesa macho, masikio yatatikisika, atarudi nyumanyuma, ataanguka na kupiga miguu hivi hivi mpaka afe."

"Hii ni habari mpya?" niliuliza. "Pengine zamani haikujulikana."

"Mpya!" Alicheka kile kicheko chake. "Nimejifunza hii chuoni, wewe hujazaliwa. Hakuna mtu wa kazi yangu asiyeijua."

"Sasa aliyemwambia baba yangu kwamba haidhuru?"

"Huyo alikuwa anatafuta kuuza. Mtu kama huyo ni mwizi. Apelekwe mbele ya wazee."

Nikavua kofia.

"Alipelekwa," nilisema. "Ukapewa kifua."

Hakunitambua mara moja. Aliniangalia mimi, kisha akawaangalia watu wa kijiji chetu, na kwenye nyuso zao ndipo aliponitambua. Miguu ya kangambili ilikuwa inakwaruza kioo.

Mzee wa koti la jeshi aliiweka chupa yake kwenye kaunta. Aliiweka polepole, akaisukuma mbali kwa kidole.

"Mimi nilikula paja," alisema.

"Mzee wangu, ngoja nikueleze..."

"Nilikula paja la yule mweupe. Nikalisifu." Alifuta mdomo kwa mkono wa koti, kama mafuta yake bado yapo. "Juma lijalo uje kijijini. Na kijana huyu aje na baba yake."

Aligeuka akatoka bila kuaga. Mwingine akarudisha chupa yake. Mwingine naye.

Bwana Shamba hakuacha kuzungumza. Alieleza habari za kipimo, kwamba kipimo kikiwa kidogo sana pengine haidhuru. Alieleza habari za upepo. Alieleza soko huria, na jinsi mtu aliyepunguzwa kazini anavyoishi. Aliieleza migongo ya watu mlangoni, na walipokwisha kutoka aliziambia chupa.

Nilisimama nikamsikiliza kama nilivyomsikiliza utotoni, mpaka nikatosheka. Kangambili alikuwa bado anapiga miguu chini ya glasi. Nilitoka nikawaacha wote wawili hawajanyamaza.